Ada ya Kutofika kwa Watu Waliofika

Kwa wote wenye matumbo, walioko Germantown, walioko Woodbridge, na wale ambao kila wakipigiwa simu wako njiani:

Inatangazwa kwamba kuanzia Jumatatu ijayo hakuna mwanaukoo atakayekula chakula kilichopikwa na mwanaukoo mwingine bila kuweka nafasi. Atakayeweka nafasi asifike, atatozwa ada ya kutofika. Atakayefika bila kuweka nafasi, atahesabiwa kuwa hakufika. Imetolewa na Idara ya Maakuli, Meza na Nidhamu ya Tumbo.

Hilo ndilo lililokuwa tangazo langu la kwanza, na hadi leo naliona zuri. Nililituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wakati wa mapumziko ya mchana, nikiwa nimekaa juu ya maboksi ya viatu. Mimi ni msaidizi wa msimamizi wa zamu katika duka la viatu pale Rockville Pike, huku Marekani. Maana ya cheo hicho ni kwamba msimamizi akienda msalani, mimi ndiye serikali. Kwa hiyo mtu asiseme sikuwa na uzoefu wa uongozi.

Majibu yalikuja upesi. Ami Abdulghafur wa Woodbridge alituma kidole gumba. Mkewe alituma picha ya waridi lililoandikwa "Ijumaa Njema", ingawa ilikuwa Jumatano. Shangazi Rahma, ambaye ninalala katika chumba cha chini cha nyumba yake kule Germantown na kodi yangu ni kutoa taka nje, aliandika: "Haitham, ukirudi pitia maziwa."

Nikachukulia kwamba hoja imepita bila kupingwa.

Wapo wanaosema niliianzisha idara kwa sababu ya kiherehere. Kiherehere kilikuwepo, sikatai, lakini hakikuwa peke yake. Chanzo hasa kilikuwa Bibi Nunu.

Bibi Nunu ndiye mama yao Ami na Shangazi, na mama wa baba yangu aliyebaki Unguja. Alikuja kutoka Kikwajuni mwezi wa Machi, amepewa miezi sita ya kututembelea. Wajukuu zake walioko Marekani ni saba: mimi, wawili wa Shangazi, na wanne wa Ami. Katika miezi mitatu ya kwanza hakuwahi kutuona sote saba tumekaa pamoja. Mmoja yuko kwenye mpira, mwingine kazini, mwingine amekwama barabara kuu ya 270 anakula chipsi mapajani. Hata Idi tulifika kwa zamu, kama walinzi wa benki.

"Vya Marekani nimeviona vyote," alisema siku moja, huku akikunja nguo za watu ambao hawakumuomba. "Nimeona friji inatema barafu. Nimeona mbwa kavaa koti. Kitu kimoja tu sijakiona. Wajukuu zangu saba, meza moja, wanakula. Nikione hicho, niondoke zangu."

"Nitakupa, Bibi," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi."

"Inshallah," akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kumjibu fundi aliyeahidi kuja kesho.

Tatizo lilikuwa kuwapata hao saba. Yumna, binti yake Shangazi, ana miaka tisa na ndiye msemaji wa watoto wote. Akanipa masharti yao. Watafika wote, siku ya Jumapili, bila visingizio, ikiwa tu mahali penyewe ni Ufalme wa Chura. Hiyo ni bustani ya michezo, mwendo wa saa mbili na nusu kusini ya Woodbridge, ambako watu hulipa kiingilio kikubwa ili wabiringishwe vichwa chini ndani ya treni.

Nikaingia kwenye programu yao ya simu kutafuta pa kula. Huko ndiko nilikokutana na ustaarabu.

Ukitaka kula katika Jumba la Mfalme Chura, mgahawa mkubwa wa bustani ile, ambako chura mwenye urefu wa futi saba huja mezani kukukumbatia utake usitake, unaweka nafasi siku sitini kabla, saa kumi na mbili kamili za asubuhi. Unaacha namba ya kadi yako. Usipokuja kukaa ndani ya dakika kumi na tano za muda wako, meza anapewa mwingine na kadi yako inatozwa dola kumi na tano kwa kila kichwa. Hakuna kubembeleza wala "tumefika getini."

Mtu mwingine angekasirika. Mimi nilisoma masharti yale kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Fikiria: nchi ambayo mtu akisema atakuja, anakuja, na asipokuja, mashine inajua.

Asubuhi ya siku ya sitini niliamka nikakuta niko nafasi ya elfu nne mia nane na kumi na mbili kwenye foleni ya watu wasioonekana. Nilisubiri. Mwishowe nikapata meza: Jumapili, saa saba na dakika kumi mchana, Bibi akiwa amebakiza siku mbili apande ndege. Watu kumi na wawili.

Jioni yake wakawa kumi na watatu, kwa sababu ya Ami.

"Ami, huyu Kiprotich ni nani?"

"Jirani yangu. Anatoka Kericho. Tunaegesha gari pamoja."

"Umemwalika?"

"Nilikuwa naelezea habari za safari, na yeye amesimama hapo. Nikamwambia karibu. Ningemwambia nini, pita?"

"Na yeye akasemaje?"

Ami akashusha sauti. "Alikubali."

"Mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza, Haitham. Sijapata kuona."

Hapa lazima niwaeleze wasiotujua. Kwetu, mtu aliyelelewa akiulizwa kama atakula, husema ameshiba. Akiulizwa tena, husema msijisumbue. Akiulizwa mara ya tatu, ananawa mikono na kula kuliko wenyeji. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, au ni Kiprotich.

Nikaona hatari. Kadi iliyoachwa kule ilikuwa yangu, na kadi yangu hata kwenye petroli huwa naisomea dua kwanza. Zaidi ya kadi, kulikuwa na ahadi kwa Bibi. Ukoo wangu haukuwa tayari kuingia kwenye mgahawa wenye sheria. Ulihitaji mazoezi. Ndipo nikaunda idara, nikatoa lile tangazo, nikapanga zoezi la kwanza: chakula cha jioni kwa Shangazi Rahma, kwa fomu.

Fomu yangu ilikuwa na visanduku viwili tu, Ndiyo na Hapana. Sikutaka mambo mengi. Matokeo yalikuwa haya: Ndiyo, mtu mmoja. Hapana, hakuna. Waliobaki wote waliandika "Inshallah" pembeni, mahali ambapo fomu haikuwa na nafasi ya kuandika.

Idara ikazichambua inshallah hizo kwa makini. Inshallah yenyewe, kavu, maana yake ni kwamba anakuja. Inshallah yenye "tukijaaliwa" nyuma yake maana yake haji, lakini umfichie sahani. Inshallah iliyotanguliwa na "ah, wewe tena!" ni ya mtu ambaye hajui swali lilikuwa nini.

Aliyejaza Ndiyo alikuwa Kiprotich, aliyetumiwa fomu na Ami. Hakuna aliyemwambia kwamba lilikuwa zoezi la ukoo. Aliendesha gari kutoka Woodbridge hadi Germantown siku ya kazi, kwenye foleni yote ile, akafika dakika tano kabla ya muda akiwa na soda mbili kubwa kwapani.

"Nilisema nitakuja, nimekuja," akasema. "Chakula kiko wapi?"

Nilitamani kumkabidhi ukoo mzima.

Nilisimama kwenye mlango wa chumba cha kulia na ubao wangu wa karatasi, nikawasomea Waraka Namba Nne: mwaliko hutolewa mara moja tu. Kisha nikaanza na mkubwa wetu, ili sheria ianzie juu.

"Bibi, utakula?"

"Ah, nimeshiba mwanangu."

"Amesema hapana," nikamwambia Shangazi, nikaandika.

"Haitham, wacha utoto," Shangazi akasema. Yeye ni muuguzi katika nyumba ya wazee, amezoea kuzungumza na watu wasioelewa. "Mpe Bibi sahani."

"Waraka, Shangazi. Kule mgahawani hakuna mtu atakayekuwa na nafasi ya kubembeleza."

"Chakula chenyewe kakipika yeye."

"Na hakuweka nafasi."

Bibi alinitazama kama anavyomtazama muuza samaki aliyebonyeza mizani kwa kidole. Usiku ule alikunywa chai ya rangi na biskuti mbili. Mimi nilikula biriani aliloliunga kwa mikono yake, na nikalisifu.

Sasa ilibaki adhabu. Idara yangu haina roho mbaya, haikutaka pesa ya mtu. Nikaamua kwamba asiyefika mezani atapoteza haki ya kuchagua kiti siku ya safari. Kwa mujibu wa uamuzi huo, Bibi Nunu, mwenye miaka sabini na mitatu, akapangiwa kiti cha nyuma kabisa cha gari la Shangazi, safu ya tatu, kati ya mabegi na viti vya kukunja.

"Sawa, mheshimiwa," Bibi akasema.

Ningekuwa na akili, ningeogopa hapo hapo.

Jumapili ile asubuhi nilitoa Waraka Namba Sita: hakuna chakula kutoka nyumbani, hata kashata. Bustani yenyewe hairuhusu kukiingiza ndani, na mtu aliyekwishajaza sambusa tumboni hawezi kuheshimu meza. Nilipofika garini nikamkuta Bibi keshakaa safu ya tatu, wa kwanza kuliko wote, amejifunika blanketi kuanzia kifuani hadi miguuni. Ilikuwa Agosti. Nje hata paka walikuwa wakitafuta kivuli.

"Bibi, husikii joto?"

"Nyuma huku kuna baridi, mheshimiwa. Adhabu ina baridi yake."

Njiani idara ilisikia harufu ya hiliki na mdalasini. Idara ikatafakari, ikahitimisha kwamba ni mafuta yake ya nywele.

Kuhusu muda nilikuwa nimechukua tahadhari. Niliwaambia wote kwamba meza ni ya saa sita na dakika kumi, saa nzima kabla ya ukweli. Wao, kwa kuwa wananijua, walijua nimewadanganya, kila mtu akajiongezea saa yake. Hivyo tukakutana kwenye ukweli. Saa saba na dakika tano, watu kumi na watatu walikuwa wamesimama mbele ya Jumba la Mfalme Chura. Hakuna aliyepotea wala aliyekuwa njiani.

"Hii haijawahi kutokea," Yumna akasema kwa Kiingereza, lugha anayojibia hata shikamoo.

Bibi akatupanga sisi saba kwenye ukuta, akatuhesabu kwa kidole. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akahesabu tena.

"Saba," akasema. "Sasa meza."

Nikaenda kwenye dawati la mapokezi, ubao mkononi, kifua mbele. Pale alikuwa amesimama mama mmoja wa Kimarekani, nywele nyeupe, mgongo umeinama kidogo, umri wake haukupishana sana na wa Bibi. Kichwani alikuwa amevishwa kofia yenye macho mawili ya chura yanayotikisika. Akatafuta jina langu kwenye kioo cha kompyuta yake, akatabasamu.

"Karibuni sana, mwanangu. Mngependa kukaa sasa?"

Naomba hapa historia inisikilize kabla ya kunihukumu. Ubao nilikuwa nao. Waraka Namba Nne nilikuwa nimeuandika kwa mkono ule ule ulioushika ubao. Lakini yule alikuwa mtu mzima, miguu inamuuma, unaona kabisa inamuuma, na amenikaribisha kwa upole. Ulimi wangu haukusubiri ruhusa ya idara.

"Ah, hapana mama," nikasema. "Usijisumbue."

Akanitazama. Nyuma yetu kulikuwa na familia nyingine kubwa, watoto wao wanalia kwa njaa. "Una uhakika? Naweza kuwapa hawa hapa."

"Wape, wape," nikasema, mkono nimeuweka kifuani. "Sisi hatuna shida kabisa."

Nilimsikia Bibi nyuma yangu. Kiingereza hakijui, lakini muziki wa maneno yale anaujua kuliko mtu yeyote. "Huyu kalelewa," akamwambia Shangazi. Ilikuwa sifa yake ya kwanza kwangu tangu Machi.

"Mna roho nzuri jamani," yule mama akasema, akabonyeza kioo.

Tukasubiri.

Ile familia nyingine ikapita mbele yetu ikaingia ndani, ikakaa kwenye meza ndefu karibu na dirisha. Chura akawaendea kuwakumbatia. Ami alianza kukunja mikono ya shati, kama mtu anayejiandaa kunawa. Mkewe akarekebisha mtandio.

"Hii kitu inaenda aje?" Kiprotich akauliza. "Si tuingie?"

"Subiri," Ami akamwambia. "Atauliza tena."

"Nani?"

"Yule mama."

"Aulize nini?"

Ami akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu mlangoni.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe ulisema: Tunasikitika kwamba hamkufika. Kadi yako imetozwa kwa vichwa kumi na vitatu. Tunatumaini kuwaona siku nyingine.

Nikarudi kwenye dawati.

"Samahani mama. Mfumo unasema hatukufika."

Akatazama kioo. "Ndiyo. Hamkufika."

"Lakini tuko hapa."

"Nakuona," akasema, na huruma yake ilikuwa ya kweli, hata macho ya chura kichwani yaliniinamia. "Ila hapa kuna visanduku viwili tu, mwanangu. Waliokaa, na wasiofika. Hakuna kisanduku cha waliofika wakakataa. Nina miaka kumi na moja hapa, sijawahi kukihitaji."

"Hamna meza nyingine?"

"Ipo. Siku sitini kuanzia leo. Saa kumi na mbili asubuhi."

Siku sitini kuanzia siku ile, Bibi angekuwa Kikwajuni akikunja nguo za watu wengine. Kibaya zaidi, fomu yenye visanduku viwili niliijua. Nilikuwa nayo mkononi.

Nikageuka kuukabili ukoo.

"Boss," Kiprotich akasema taratibu, "umetukatalia chakula?"

"Nilikataa kwa adabu."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Na ulikuwa na njaa?"

"Sana."

Akatikisa kichwa. "Nyinyi watu wa pwani mtakufa njaa mkisema asante."

Bibi akanishika kiwiko. "Hakuuliza mara ya tatu?"

"Hakuuliza, Bibi."

"Kalelewa na nani?" akasema. Kisha akawatazama wajukuu. Wawili wa Ami walikuwa wameshaanza kuangalia simu zao, urefu wa foleni ya Treni ya Kinamasi. Mkubwa wao alikuwa amekwishasogea hatua nne. Wale saba waliopatikana kwa mazungumzo ya miezi miwili walikuwa wanamwagika mbele ya macho yake kama mchele kutoka kwenye mfuko uliotoboka. Mimi nilisimama na ubao wangu. Ubao haukuwa na waraka wa jambo lile.

"Twendeni garini," Bibi akasema. "Wote. Na wewe unayeondoka, rudi, sijakuruhusu."

Gari lilikuwa kwenye uwanja wa maegesho, eneo la Viluwiluwi, mstari wa thelathini na nane. Bibi akamwambia mume wa Shangazi, dereva wetu, afungue mlango wa nyuma. Akalivuta lile blanketi. Chini yake kulikuwa na boksi kubwa la kuhifadhia ubaridi, na ndani yake, badala ya barafu, sufuria ya pilau iliyofungwa kanga mbili na taulo, bado inatoa mvuke. Kulikuwa na kachumbari kwenye kopo la aiskrimu. Kulikuwa na sambusa na mkungu mdogo wa ndizi. Sinia lile kubwa la Shangazi, ambalo tangu juzi alikuwa akilitafuta, lilikuwa limelazwa chini ya kiti.

"Bibi," nikasema, "hivi vyote vilikuwa wapi njia nzima?"

"Chini ya adhabu yangu, mheshimiwa."

Wakatandika shuka kwenye kipande cha majani kati ya mistari ya magari, kwenye kivuli cha mlango wa nyuma uliofunguliwa. Bibi akaweka sinia katikati, akapakua pilau mpaka likawa kilima, akaanza kuuliza mmoja mmoja, kama desturi.

"Yumna, utakula?"

"Ndiyo," Yumna akasema, na kwa njaa aliyokuwa nayo akasema kwa Kiswahili.

Wajukuu wote wa kuzaliwa huku walisema ndiyo mara ya kwanza. Kiprotich alisema ndiyo kabla hajaulizwa. Ami alikataa mara mbili, akaulizwa mara ya tatu, akakaa. Bibi akafika kwangu.

"Haitham, utakula?"

Baada ya niliyoyafanya, uso wa kusema ndiyo ningeutoa wapi?

"Ah, nimeshiba Bibi."

"Una uhakika?"

"Kuleni tu. Msijisumbue."

Bibi akanitazama. Kisha akanyoosha kidole, akabonyeza mfuniko wa boksi, taratibu, kama mtu anayebonyeza kioo.

"Hakufika," akasema, akaenda kukaa.

Nikasubiri mara ya tatu. Nilisimama kando ya tairi la gari nikiwa nimeukumbatia ubao, nikisikiliza watu wakila. Kiprotich alisifu nyama. Akaisifu tena. Jua la Virginia lilikuwa linaniangalia kichwani, na tumbo langu, ambalo nilikuwa nimejipa uongozi wa nidhamu yake, lilinguruma mpaka mtu wa gari la pili akageuka.

Hapo ndipo nilipomwona Bibi ameacha kula. Alikuwa anahesabu tena kwa kidole, kuzunguka sinia. Moja, mbili, tatu. Akafika sita. Akavua miwani, akaifuta. Sita.

Hakuniangalia. Asingeniuliza, kwa sababu sheria ilikuwa yangu, na yeye ni mtu anayetii sheria. Jumanne angepanda ndege pale Dulles na sita yake. Nilitafuta kichwani njia ya heshima ya kukaa bila kuonekana nimeomba. Katika nyaraka zote sita nilizozitunga, hakuna iliyonipa njia hiyo.

"Bibi," nikasema. "Nina njaa."

Ami akaacha kutafuna. Shangazi akaziba mdomo kwa kiganja. Sidhani kama kwenye ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kuitamka sentensi hiyo akiwa amesimama mbele ya chakula cha mwenzake.

"Sasa hiyo ndiyo kuongea," Kiprotich akasema.

Bibi akatazama saa yake ya mkononi, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma saa.

"Dakika kumi na sita," akasema. "Ya kumi na tano imeshapita."

"Najua, Bibi."

"Kuna ada."

"Nalipa."

Akasogea upande, akapiga shuka mara moja kwa kiganja. Nikakaa. Akachukua mwiko, akakwangua chini ya sufuria, akaniwekea ukoko mbele yangu: mweusi, mgumu, unaovunjika kama kigae. Nikaula wote. Ulikuwa mtamu, lakini hilo sikuliweka kwenye kumbukumbu.

Bibi hakuhesabu tena kwa kidole. Aliketi mikono mapajani, akatutazama tunavyogombania nyama, mpaka pilau likaisha yeye hajaongeza tonge.

Kurudi, viti vilipangwa upya bila fomu. Bibi alikaa mbele. Mimi nilikaa safu ya tatu, kati ya mabegi na viti vya kukunja, sufuria tupu magotini, blanketi begani. Bustani ikaniletea ujumbe: Je, mlifurahia chakula chenu? Visanduku viwili. Nilitafuta pembeni pa kuandika inshallah, sikupata.

Tulipopita Woodbridge, gari la Ami likatupigia honi likatoka barabara kuu, watoto wanne wanapunga mikono dirishani. Bibi aliwapungia mpaka wakapotea. Kisha akageuka, akaninyooshea shingo juu ya vichwa vya wote.

"Haitham. Utakula ndizi?"

"Ndiyo," nikasema.

"Mlafi," Bibi akasema, akanirushia mbili.